Mzee hashiki maneno: AirPods au shime sikio?

Mkuu, umesema mzee wako wa Machame ana miaka 68, sauti anaisikia ila maneno hayashiki, na binamu yenu wa Marekani yuko tayari kumletea AirPods, zile spika ndogo za masikioni za Apple. Unataka kujua kama zitatosha au ujipange kwa shime sikio, yaani kifaa chenyewe cha kusaidia kusikia. Hujataja odiogramu, yaani karatasi ya majibu ya kipimo cha usikivu, na hapo ndipo jibu lilipo.

Mpeleke hospitali ya KCMC, Moshi, idara ya masikio, pua na koo. Waanze kwa kuchungulia sikio, maana nta iliyoziba inatosha kumfanya mtu aonekane kiziwi, na wazee wengi huisukuma ndani wenyewe kwa vijiti vya pamba (wengine kwa ufunguo wa gari, tuache tu). Kisha apimwe kwa hedifoni, na uombe nakala ya karatasi. Alama za duara nyekundu ni sikio la kulia, X za buluu la kushoto. Kadiri mstari unavyoshuka ndivyo usikivu ulivyopotea. Ukiishia kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40 au 50, AirPods Pro 2 zinaweza kumfaa. Ukivuka 60, zisahau, hazina nguvu hiyo.

Hilo la kusikia bila kushika maneno lina sababu yake. Uzee huanza kula sauti nyembamba: s, t, f, sh. Chukua "sita" na "tisa". Irabu ni zilezile, kilichobadilishana nafasi ni s na t tu. Muuza ndizi akisema elfu sita, mzee anahesabu tisa. Ukimpigia kelele unaongeza irabu, ambazo alikuwa anazisikia tayari. Ndiyo maana vile vikuza sauti vya bei chee havisaidii: vinapandisha kila kitu sawasawa, injini ya Hiace pamoja na maneno ya konda.

AirPods Pro 2 ziko tofauti, kwa sababu zinapandisha pale tu palipopungua. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu programu yake ya kusaidia kusikia Septemba 2024, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Kuiwasha lazima iwepo iPhone yenye iOS 18.1 au zaidi, au iPad yenye toleo kama hilo. Kama nyumbani kuna kitochi tu, mjadala umeishia hapo. AirPods za kawaida na Pro za toleo la kwanza hazina kitu hicho. Pia huduma hii haifunguki kila nchi, kwa hiyo jaribuni kwa simu itakayotumika huku kabla ya kulipa.

Zinapokwama ni kwenye matumizi ya kutwa. Chaji inakaa kama saa 6, wakati mzee anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mpira wake unaziba tundu la sikio, hivyo sauti yake mwenyewe inamvumia kama anaongelea ndani ya pipa. Halafu kuna la heshima: kijana akimwona mzee na vidude vyeupe masikioni anadhani anasikiliza muziki, shikamoo inapita hewani.

Shime sikio ya nyuma ya sikio inavaliwa tangu asubuhi hadi kulala, na ina nguvu ya kutosha hata kwa upungufu mkubwa. Ila ina matunzo yake. Betri zake hutambulika kwa rangi ya stika: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Zinafanya kazi kwa hewa. Bandua stika, iache dakika mbili tatu ndipo uiweke. Ukishabandua, kuirudishia hakuzuii kuisha. Namba 13 hukaa wiki moja hadi mbili. Kabla ya kununua kifaa, hakikisha Moshi au Arusha mjini unazipata na hazijapita muda.

Huko Machame adui ni unyevu. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka, matone hujikusanya ndani ya mrija unaopeleka sauti sikioni, na sauti inakatika. Chomoa kwenye kifaa kile kipande kinachoingia sikioni pamoja na mrija wake, pulizia kwa kipira, si kwa mdomo, maana mdomo unaongeza maji. Kipande hicho peke yake ndicho kinachooshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiku kifaa kilale kwenye kopo lenye vile vipakti vinavyokuja na boksi la viatu. Mrija ukikauka na kuwa wa njano, badilisha. Miezi mitatu hadi sita ndiyo umri wake. Kifaa kikipiga filimbi, mara nyingi kipande cha sikioni hakijakaa vizuri, kimelegea, au nta imejaa.

Shime sikio ya kurithi kutoka kwa marehemu msimvishe hivihivi. Imepangwa kwa masikio ya mwingine, lazima ifunguliwe kwenye kompyuta na kupangwa upya kwa odiogramu yake.

Kama sikio moja limeacha kusikia ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hiyo ni dharura, wahi hospitali leo. Likitoa usaha, asivae chochote mpaka atibiwe.

Upungufu wa mzee ukiwa hauzidi desibeli 50 pande zote, ana iPhone, na shida yake ni TV na wageni wa jioni, binamu alete. Kama mngelazimika kununua na simu, pesa hiyo iende kwenye shime sikio. Ukishapata karatasi weka picha hapa, ila futa jina lake kwanza.