Maswali ya Wasomaji: Kufuli la Mchezo Humfungia Nani?

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilijinyima na kununua mchezo wa kompyuta kwa njia halali, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kutoka kampuni moja kubwa ya nje. Sasa kila bando linapoisha, au mtandao unapoyumba kama ilivyo kawaida ya huku kwetu, mchezo unagoma kufunguka na kuniambia kwamba hauwezi kuthibitisha kuwa ni wangu. Rafiki yangu aliwekewa mchezo huohuo kwa flashi na fundi wa mtaani, kwa shilingi elfu tano, naye anacheza usiku kucha bila mtandao wowote. Je, kampuni hizi zinajua kwamba zinamwadhibu mteja na kumwacha mwizi?
Msomaji wa Nyakato, Mwanza

Ndugu msomaji, zinajua, na zimeambiwa mara nyingi na wateja wenye hasira kuliko wewe. Ili kuelewa kwa nini nakala ya rafiki yako ina raha kuliko yako, fikiria jinsi kufuli hilo linavyofanya kazi. Ndani ya mchezo huwekwa sehemu ya programu ambayo, kabla ya kufungua au hata wakati wa kucheza, huuliza seva za kampuni kama nakala hii imelipiwa. Mvunjaji akishaiondoa sehemu hiyo au kuidanganya, kazi yake imekwisha, kwa sababu nakala yake moja inaweza kunakiliwa na watu laki moja bila yeyote kati yao kuona kufuli tena. Anayebaki kuulizwa kitambulisho mlangoni kila siku ni yule aliyelipa kiingilio.

Mfano unaofanana sana na kisa chako ni wa kampuni ya Ufaransa, Ubisoft. Mwaka 2010 iliutoa mchezo wa Assassin's Creed II kwa kompyuta ukiwa na sharti kwamba mchezaji awe ameunganishwa na seva zake muda wote, ingawa ni mchezo wa mtu mmoja anayecheza peke yake. Mtandao ukikatika, mchezo unasimama. Machi mwaka huohuo seva zenyewe zilizidiwa, na kampuni ikaeleza kwamba zilikuwa zimeshambuliwa, hivyo kwa saa kadhaa watu waliolipa fedha zao walishindwa kucheza ilhali intaneti yao nyumbani ilikuwa nzima kabisa. Ilipofika Septemba 2012 Ubisoft ilisema hadharani kwamba imeachana na utaratibu huo na kwamba ingetosha mteja kujithibitisha mara moja tu, wakati wa kuuweka mchezo kwenye kompyuta.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, Electronic Arts ya Marekani ilikuwa imejaribu njia nyingine kwa mchezo wa Spore: mnunuzi aliruhusiwa kuuwasha kwenye kompyuta tatu tu, na baada ya hapo alitakiwa kupiga simu kuomba ruhusa. Wateja walijaza duka la Amazon tathmini za nyota moja kwa maelfu, na mchezo uliotarajiwa kulindwa kuliko mingine ukawa miongoni mwa iliyopakuliwa sana kwa njia ya uharamia mwaka huo. Kampuni ikaongeza idadi hadi kompyuta tano, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa sawa na kumpunguzia mgeni idadi ya maswali badala ya kumkaribisha ndani. Wala haikujifunza upesi, maana Machi 2013 kampuni hiyohiyo ilitoa SimCity inayodai mtandao wakati wote, seva zikaelemewa tangu siku ya kwanza, ikabidi wanunuzi wapewe mchezo mwingine bure kama kifuta machozi, na uwezo wa kucheza bila mtandao ukaletwa mwaka mzima baadaye.

Utauliza, basi kwa nini wanaendelea? Hapa lazima tuwatendee haki. Mchezo mkubwa hugharimu mamilioni ya dola na miaka ya kazi, na sehemu kubwa ya mauzo yake hupatikana katika wiki chache za mwanzo. Mwaka 2014 kampuni ya Denuvo ya Austria ilileta ulinzi mgumu zaidi, ambao haukukusudiwa kudumu milele bali kumchelewesha mvunjaji. Mtafiti William Volckmann aliichunguza michezo 86 yenye ulinzi huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2024: mchezo ukivunjwa katika wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa takriban asilimia 20 kwa wastani, lakini ukivunjwa baada ya wiki 12, hasara karibu haionekani. Kwa hiyo anayesema kwamba kufuli halifanyi kazi hata kidogo anakosea. Linafanya kazi kwa takriban miezi mitatu.

Mimi nauona uungwana wa kampuni katika kile inachofanya baada ya miezi hiyo kupita. Waliotoa Doom ya mwaka 2016 waliiondoa Denuvo kwenye mchezo wao kabla ya mwaka kwisha. Wengine huiacha pale miaka nenda rudi, mteja akiubeba mzigo usiomlinda mtu yeyote. Tena mzigo huo si wa mtandao peke yake. Julai 2021 nakala ya Resident Evil Village iliyovunjwa ilionekana kwenda kwa ulaini kuliko ile halali iliyokuwa ikikwamakwama katikati ya mapambano, na Capcom, kampuni ya Japani inayoutengeneza, ikalazimika kutoa toleo lililorekebishwa mwezi huohuo. Ni aibu kwa fundi pale nakala ya mwizi inapokuwa bora kuliko ile aliyoiweka kwenye kabati la kioo.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kununua tena, soma upande wa maelezo katika ukurasa wa mchezo kwenye duka la Steam, ambako ulinzi wa aina ya Denuvo hutajwa. Ukikuta umeuziwa usichoweza kukitumia, Steam hurudisha fedha ikiwa siku 14 hazijapita tangu ununue na hujacheza kwa zaidi ya saa mbili. Kwa mchezo wako wa mwezi uliopita muda huo umeshapita, lakini iandikie kampuni hata hivyo, kwa sababu Ubisoft na Electronic Arts hazikulegeza kamba kwa hiari. Kuhusu rafiki yako, sitamsifu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo na vitabu, na flashi inayopita kwenye kila kompyuta ya mtaa hubeba virusi vya kila nyumba.

Ndugu Mhariri,

Mwanangu ananiambia kwamba hata mchezo ulionunuliwa kihalali unaweza kuchukuliwa na kampuni wakati wowote, na kwamba kwa hiyo hakuna tofauti kati ya kununua na kuiba. Ni kweli, au anatafuta kisingizio?
Mama Salma, Mombasa

Mama Salma, mwanao anasema kweli katika nusu ya kwanza, na katika nusu ya pili anatafuta kisingizio.

Unapobonyeza neno “nunua” katika duka la mtandaoni, kwa kawaida unachopewa ni leseni ya kutumia, yenye masharti marefu ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Ubisoft, ambayo nimekwisha kuitaja, ilizima seva za mchezo wake wa magari, The Crew, tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa mchezo huo ulizitegemea seva hizo hata kwa mtu anayeendesha peke yake, waliokuwa wameulipia tangu 2014 walibaki na diski isiyo na kazi. Kisha kampuni ikaanza kuziondoa leseni zenyewe kwenye akaunti za wachezaji. Kutokana na kisa hicho, Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani “Acheni Kuua Michezo”, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Jimbo la California nalo limepitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomtaka muuzaji aeleze waziwazi kwamba anachouza ni leseni kabla ya kutumia neno “nunua”.

Mwambie mwanao, hata hivyo, kwamba yako maduka yanayouza mchezo pamoja na faili zake zote bila kufuli. Mnunuzi huzipakua, akazihifadhi kwenye diski yake, na hakuna seva inayoweza kuzifuata humo. Duka linalojulikana zaidi kwa hilo ni GOG, la Poland, nami nitalieleza katika barua inayofuata. Akisema tena kwamba hakuna tofauti, mwulize kwa nini hajanunua huko.

Ndugu Mhariri,

Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza mchezo mdogo wa kompyuta, na tunatarajia kuuuza wenyewe mtandaoni. Tunabishana kuhusu kufuli. Mmoja wetu anasema tusipolifunga watatuibia wote. Mwingine anasema tukiwa wema kwa wateja, watatulipa. Nani yuko sahihi?
Mtengenezaji mchanga, Nairobi

Kijana wangu, nianze na huyo wa pili, kwa kuwa ndiye ninayempenda na ndiye atakayeumia.

Aprili 2013 ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, waliouita mradi wao Greenheart Games, walitoa mchezo wa Game Dev Tycoon, ambamo mchezaji huendesha kampuni ya kutengeneza michezo. Hawakuweka kufuli, na bei ilikuwa kama dola 8. Siku ya kutoa, wao wenyewe waliisambaza kwenye mitandao ya uharamia nakala iliyofanana na ile halali isipokuwa kwa jambo moja: baada ya saa chache, kampuni ya mchezaji ndani ya mchezo ilianza kufilisika kwa sababu watu wanaiba michezo yake. Mwisho wa siku ya kwanza walihesabu wachezaji 3,318. Waliolipa walikuwa 214, na 3,104, yaani asilimia 93.6, walikuwa na nakala ya wizi. Baadhi ya hao wezi walijitokeza hadharani kulalamika kwamba wanaibiwa, na mmoja akauliza kama ndani ya mchezo kuna namna ya kuvumbua kufuli. Nimekicheka kisa hicho mara nyingi, lakini zile nambari hazichekeshi. Bei nafuu na moyo mwema havikuwageuza watu wale.

Lakini angalieni upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Wale 214 wangenunua iwe kuna kufuli au hakuna, na kisa hicho kilipoenea ulimwenguni, mchezo ulipata wanunuzi wengi ambao wasingelisikia jina lake. Kufuli ambalo watu watatu wanaweza kulitengeneza lingevunjwa kabla ya chakula cha mchana, na kazi yenu ingebaki kuwasikiliza wanunuzi halali wanaolalamika kwamba limewakwamisha.

Somo lililokomaa zaidi linatoka Poland. Mwaka 1994 Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha CD Projekt mjini Warszawa, wakati michezo ya uharamia ikiuzwa kwenye magulio hadharani kama nyanya. Wangeweza kulia na polisi. Walichofanya mwaka 1999 ni kuutafsiri mchezo wa Baldur's Gate kwa Kipolandi, wakaajiri waigizaji wanaofahamika nchini, wakaufunga katika kisanduku pamoja na ramani, kitabu cha kanuni na diski ya muziki. Mchezo wenyewe ulikuwa na diski tano, hivyo haramia naye alilazimika kunakili tano. Siku ya kwanza waliuza nakala 18,000, katika soko ambalo wengi waliamini kwamba hakuna anayenunua. Mwaka 2008 wakafungua duka la GOG lisilo na kufuli. Na mwaka 2011 walipotoa The Witcher 2, nakala za madukani zilikuwa na kufuli na za GOG hazikuwa nalo; kampuni ilieleza baadaye kwamba nakala ya kwanza kuzagaa kwa maharamia ilikuwa ile yenye kufuli, iliyovunjwa. Wakaliondoa mwezi huohuo.

Msidhani kwamba ni malaika. Mwishoni mwa mwaka huo mawakili wao waliwaandikia watu nchini Ujerumani barua za kuwadai fedha kwa tuhuma za uharamia, na ilipohofiwa kwamba miongoni mwao wamo wasio na hatia, hasira ya wateja iliifanya kampuni kusitisha zoezi hilo Januari 2012. Imani waliyoijenga kwa miaka ilitikiswa kwa barua za wiki chache. Ilitikiswa tena, na kwa kishindo zaidi, Desemba 2020, walipoutoa Cyberpunk 2077 ukiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa kwenye duka lake la PlayStation hadi Juni 2021. Wateja hawakujali siku ile kwamba nakala ya GOG haina kufuli.

Mwaka 2011 Gabe Newell, mkuu wa Valve inayoendesha Steam, alisema kwamba uharamia kwa sehemu kubwa ni tatizo la huduma, siyo la bei, akitoa mfano wa Urusi, ambako maharamia waliwapatia watu michezo kwa Kirusi mapema kuliko kampuni zenyewe. Kwa hapa kwetu ningeongeza jambo moja. Kijana wa Kisumu au Morogoro asiye na kadi ya benki hawezi kuwalipa hata akitaka, na fundi mwenye flashi yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, anapokea fedha taslimu, na hahitaji bando la kupakua gigabaiti kadhaa. Huyo ndiye mshindani wenu. Kwa hiyo muda ambao mngeutumia kubishana kuhusu kufuli, utumieni kuhakikisha kwamba mteja anaweza kulipa kwa simu, kwa shilingi, kwamba faili ni dogo, na kwamba masasisho yanamfikia yeye kwanza. Kisha mjaribuni mchezo wenu kwenye kompyuta kuukuu iliyozimwa intaneti, kabla ya kuuuza kwa mtu yeyote.