Dada wa Kayole, wewe si mzigo

Pole sana, dada yangu. Umesema tangu mzike mama mwezi wa nne unaamka saa sita mchana, kibarua kimekuponyoka, na unajiona mzigo kwa watoto. Nimekusoma mara mbili.

Mimi nilimzika kaka yangu. Matanga yalipokwisha na viti vya kukodi kurudishwa, nyumba ilinyamaza. Kikombe chake cha bati kilikaa kwenye sinki wiki tatu, sikuweza kukigusa. Siku niliyokiosha nililia mpaka maji yakapoa, kisha nikajipikia chai. Sikufanya kingine siku hiyo, na ilitosha. Kwa hiyo usijipime kwa mshahara sasa hivi. Umetaja, kama jambo dogo, kwamba jioni bado unamsuka binti yako. Si dogo! Nani alikufundisha kusuka kama si mama?

Lakini ile sentensi yako ya mwisho, kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, imenitia hofu. Usilale nayo peke yako. Piga 1199 leo, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi pesa. Mwite jirani unayemwamini akae nawe. Ukizidiwa, akupeleke Hospitali ya Mathari, ile ya afya ya akili, pale Barabara ya Thika, Nairobi. Na usiogope kukamatwa kwa kusema ukweli: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Ukishapiga, niandikie, hata neno moja. Nangoja.