Barua kwa mwanangu anayetaka kutoka gazetini kwenda kwenye filamu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema umepewa nafasi ya kuongoza filamu ya hali halisi itakayotokana na ile habari uliyoifuatilia kwa muda mrefu, ya familia zilizohamishwa kupisha bwawa. Mwenzako mmoja ofisini akakuambia watu wa filamu hupamba, na kwamba ukienda huko usijiite tena mwandishi wa habari. Ukaniuliza: “Mama, nikienda nitakuwa bado nasema ukweli?” Umeniuliza mimi kwa kuwa njia hiyo niliipita, kutoka chumba cha habari mpaka chumba cha kuhariri filamu, na unajua sikujibu kwa kukufurahisha.

Nenda. Ukweli utaendelea kuusema, ila hatari ya kuupotosha itahama mahali pake, na usipojua imehamia wapi itakunasa. Gazetini upotoshaji hukaa kwenye jina, tarehe, idadi, au maneno uliyomlisha mtu. Mhariri huweka kidole juu ya sentensi akauliza: hili umelipata kwa nani? Kwenye filamu kila picha inaweza kuwa ya kweli, kila neno likawa limesemwa kweli na aliyelisema, na bado filamu nzima ikadanganya kwa mpangilio wake. Chukua uso wa mama aliyelia kwenye msiba wa kaka yake, uuweke mara tu baada ya hotuba ya ofisa anayetangaza kwamba kijiji kitahamishwa. Mtazamaji ataamini analilia shamba. Hapo hakuna sentensi ya kukosoa. Tia muziki wa huzuni chini yake, na hata wewe uliyekuwepo utaanza kusadiki.

Ugomvi huu una umri sawa na kazi yenyewe. Robert Flaherty, katika filamu yake ya mwaka 1922 kuhusu maisha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, aliwataka wahusika wawinde kwa chusa ilhali wakati ule walikuwa tayari na bunduki. Nyumba ya barafu ilijengwa ikiachwa wazi upande mmoja ili kamera ipate mwanga. Hata jina la mhusika mkuu lilibadilishwa. Mwenyewe aliitwa Allakariallak. Flaherty alitaka kuonyesha maisha ya wazee wao, na hilo silioni kuwa dhambi. Ninachomlaumu ni kwamba mtazamaji aliachwa aamini anaona maisha ya siku zile zile.

Sasa mlinganishe na Errol Morris, ambaye aliwahi kufanya kazi ya upelelezi binafsi. Filamu yake ya mwaka 1988 kuhusu mauaji ya polisi mmoja mjini Dallas mwaka 1976 imejaa maigizo. Tukio lile lile linaigizwa tena na tena, kila mara kwa maelezo ya shahidi mwingine, mpaka mtazamaji anajionea mwenyewe kwamba maelezo yale hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Randall Dale Adams, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji hayo kabla adhabu haijapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, aliachiwa mwaka 1989. Kwa hiyo mtu akikuambia kuigiza ni uongo, mwulize: mtazamaji anajua anachokiona ni kitu gani?

Lakini usiondoke gazetini kwa dharau. Nimewaona vijana wakiingia kwenye filamu huku wakiisema habari ya kila siku kama kazi ya watoto, na inaniuma. Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilirusha picha za njaa alizopiga mpiga picha Mohamed Amin huko Korem, Ethiopia, pamoja na maelezo ya mwandishi Michael Buerk. Zilikuwa dakika chache tu za taarifa ya habari, na dunia iliyokuwa imelala juu ya njaa ile ikaamka. Angesubiri atengeneze filamu ndefu, ingewakuta wengi wa wale watu wameshazikwa. Kuna mambo ambayo haki yake ni kusemwa leo jioni.

Kuna mengine ambayo hayatoshi kusemwa leo jioni. Mstyslav Chernov na wenzake wa shirika la habari la AP walikuwa Mariupol, Ukraine, mwaka 2022 mji ule ulipozingirwa na jeshi la Urusi. Picha walizituma vipande vipande, kadiri mtandao ulivyowaruhusu. Hospitali ya wazazi ilipopigwa mwezi Machi, maofisa wa Urusi walidai picha zile ni za kuigiza. Kipande kimoja cha habari ni rahisi kukikana. Mwaka uliofuata Chernov alitoa filamu nzima, siku baada ya siku, na humo unaona kilichotangulia na kilichofuata: wajawazito wale wale, madaktari wale wale, barabara zile zile. Mpangilio, ambao nimekuonya kwamba unaweza kudanganya, hapo ndio uliogeuka ushahidi. Alipopewa tuzo ya Oscar mwaka 2024 alisema jukwaani kwamba angetamani asingelazimika kuitengeneza filamu ile. Ulikuwa uchungu wa mwandishi wa habari kabisa, na sikuona mahali alipouacha uandishi.

Kazi yenyewe itakukatalia mazoea yako. Mwandishi wa gazeti huogopa ukimya. Mtu akinyamaza kidogo tunamrukia na swali jingine. Kwenye filamu, ukimya ule baada ya jibu ndio mara nyingi jibu lenyewe. Jifunze kukaa kimya, na jifunze kuitikia kwa macho, maana kila “mmh” na “ndiyo” yako inaingia kwenye sauti na haitoki. Mwombe mtu aanze jibu lake na jambo uliloliuliza, kwa sababu sauti yako huenda ikakatwa. Mkimaliza mahojiano, waombe wote waliopo wanyamaze kwa dakika moja urekodi sauti ya chumba peke yake. Mhariri ataihitaji kuunganisha mikato, na bila hiyo kila mkato utasikika. Picha yenye kasoro watu huivumilia. Sauti mbovu hawaivumilii hata kidogo. Ndiyo sababu nakutumia maikrofoni yangu, ile ya kubana kwenye nguo, hata kama watakaokuajiri wana zao.

Kosa kubwa la sisi tuliotoka kwenye maandishi ni kuihariri filamu kwa kusoma. Tunanakili mahojiano yote, tunapigia mstari sentensi nzuri, tunazipanga zikasomeka vizuri mno, kisha zikifika kwenye skrini zinakuwa mtu anayeongea bila mwisho. Ziangalie picha bila sauti kwanza. Ukiona hakuna kinachoendelea, huna filamu bado, una makala.

Nifike kwenye lile linaloninyima usingizi zaidi, nalo ni wale watu wenyewe. Ukiandika habari unamhoji mtu saa moja, unamshukuru, unaondoka. Kwenye filamu utarudi kwake mara nyingi. Utakula kwake, utamwona akigombana na mumewe, utakuwepo mtoto akiugua. Atakuzoea mpaka asahau kwamba kamera inafanya kazi, na hapo ndipo unapopata mambo ambayo hakukusudia kuyatoa. Sahihi aliyoweka kwenye fomu ya ridhaa siku ya kwanza haikumaanisha hayo. Mwombe ridhaa upya kila jambo jipya linapojitokeza, kwa lugha anayoielewa, kamera ikiwa imezimwa. Tena mwambie filamu itabaki: gazeti la leo kesho linafungiwa maandazi, lakini filamu mwanawe ataikuta mtandaoni akiwa mtu mzima.

Gazetini tulifundishwa kutomwonyesha mtu habari kabla haijachapishwa, na kwa anayehojiwa kwa sababu ya madaraka yake, shikilia kanuni hiyo hiyo. Kwa wale waliokufungulia nyumba zao, mimi nasema waonyeshe filamu kabla ya watu wengine. Uamuzi ubaki wako, ila wasijikute kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi uliojaa wageni. Wakikuambia jambo fulani litawadhuru, liondoe, hata kama ndilo zuri kuliko yote uliyorekodi. Wakikuambia tu hawakupendeza, baki nalo.

Na pesa? Habari hainunuliwi, hilo unalijua. Lakini mtu akiacha kazi yake siku nzima kwa ajili yako, kumlipa nauli, chakula na ujira alioukosa ni haki yake. Usilipie maneno. Weka kumbukumbu ya kila ulichotoa, ili siku ukiulizwa uwe na cha kuonyesha.

Kuhusu riziki yako sitasema mengi. Mshahara wa kila mwezi utaisha, na fedha za filamu huja kwa mafungu, nyingi zikichelewa. Usiache kazi mpaka fedha za kuhariri ziwepo. Kupiga picha ni sehemu rahisi kuifadhili, na filamu nyingi hufia hapo, zimelala kwenye diski. Picha za zamani za kwenye maktaba za televisheni hulipiwa kwa sekunde au dakika, na muziki una wenyewe, kwa hiyo viweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Umeandika pia kwamba unaogopa miaka itapita na habari ya bwawa itapoa. Samuel Fuller, aliyekuja kuwa mwongozaji wa filamu huko Marekani, aliripoti habari za uhalifu New York akiwa kijana wa miaka 17. Alipokuwa askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mama yake alimpelekea kamera ndogo ya milimita 16, na mwezi Mei 1945 akarekodi kwayo kambi ya mateso ya Wanazi ya Falkenau baada ya jeshi lake kuikomboa. Filamu yake ya kubuni kuhusu kikosi chake ilitoka mwaka 1980. Familia zile za bwawani hazitaacha kuwa zimehamishwa eti kwa kuwa magazeti yamegeukia jambo jingine. Mwaka wa tatu, watoto wakiwa wameshazoea shule mpya na wazee bado wanauliza njia ya kurudi, ndipo utakapokuwa na la kusema ambalo gazeti halikuweza.

Kabla hujasaini, nitumie mkataba niusome. Nitatafuta mambo matatu: nani ana uamuzi wa mwisho wa uhariri, picha usizotumia zitabaki mikononi mwa nani, na wahusika watalindwa vipi filamu ikiuzwa kwa kituo kingine. Wakikataa kuyaandika, rudi kwangu tuzungumze kabla hujatoa jibu.

Mama yako