Jimu ya Chuo au ya Mtaani? Majibu kwa Wanafunzi wa Mombasa

Tangu muhula uanze, maswali ya mazoezi yamekuwa mengi. Haya nimeyachagua kwa sababu yanawagusa wengi.

Nasoma kisiwani lakini nimepanga Kisauni. Chuo kina jimu ndogo ya bure. Mtaani kwetu kuna ya kulipia, ina vyuma vipya. Niende ipi?

Mwanangu, vyuma vipya visikubabaishe. Kilo 20 ni kilo 20, hata zikishika kutu. Angalia kwanza njia yako. Kila jioni una Daraja la Nyali mbele yako. Ukitoka darasani saa kumi na moja na kurukia matatu, utakaa kwenye foleni, ufike nyumbani hoi, na jimu ya mtaani utaiona mbali hata ikiwa ng'ambo ya barabara. Ukibaki chuoni ukafanya mazoezi yako na kuoga, utavuka foleni ikiwa imeanza kulegea. Siku za masomo, basi, chuo. Ya mtaani itakufaa wikendi na likizo. Uliza kama wanapokea malipo ya siku badala ya mwezi mzima.

Na kabla hujatoa shilingi, ingia uitazame saa ileile utakayokuwa ukienda. Jimu iliyo tupu saa tano asubuhi haikuambii lolote kuhusu saa kumi na mbili jioni. Hesabu benchi, hesabu watu, angalia kama feni zinazunguka na bomba linatoa maji.

Nikitoka darasani jioni nakuta jimu imejaa na benchi ni moja tu. Niende saa ngapi?

Msongamano wa chuo huletwa na ratiba: madarasa yanaisha pamoja, watu wanamiminika pamoja. Dawa iko kwenye ratiba hiyohiyo. Karibu kila mwanafunzi ana pengo katikati ya siku, na wengi hulimalizia kantini. Kati ya saa nne na saa sita huenda ukapata benchi peke yako.

Ila jihadhari na kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye paa la mabati huwa tanuri adhuhuri. Mwili hupozwa na jasho linalokauka, si linalotiririka, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi mno kulikausha. Miezi hiyo nenda alfajiri, baada ya sala, jua halijapanda.

Tena si lazima uende kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima afanye mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, na hizo unaweza kuzipata kwa kutembea haraka. Siku mbili hazikosi nafasi. Jumatatu waachie wanaoanza upya.

Ukibanwa na jioni, mwambie aliye kwenye benchi, "Kaka, tupokezane." Seti moja, yaani kunyanyua mara kadhaa mfululizo, haimalizi dakika, mapumziko ya vyuma vizito ni dakika mbili au tatu, na muda wote huo benchi imekaa bure. Watu watatu wanaosaidiana kubadilisha vyuma huitosheleza bila mtu kuchelewa.

Sisi wasichana tunaona haya kufanya mazoezi mbele ya wavulana, na jimu yetu haina saa za wanawake.

Dada, ombeni saa hizo, na msione kuwa mnaomba fadhila. Jimu ya chuo ni yenu pia. Kusanyeni majina, andikeni barua kwa ofisi ya wanafunzi, nakala kwa kiongozi wenu wa michezo. Tajeni saa zenyewe, zile ambazo jimu huwa tupu, ili asiwepo wa kusema ananyimwa nafasi. Ombeni pia pazia madirishani na mkufunzi wa kike. Inaniuma kuona msichana akikatishwa tamaa na macho ya watu wakati suluhisho ni ratiba na kitambaa.

Ramadhani nifanyeje?

Mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari, ili maji yawe karibu. Vyuma vizito weka baada ya tarawehe. Kizunguzungu kikija, acha papo hapo.

Naweza kuacha jimu kabisa nikakimbia ufuoni Pirates?

Waweza kwa pumzi na miguu. Kwa mikono na mgongo ongeza pushapu na kitu cha kujivuta juu. Kimbia maji yakiwa yamekupwa, mchanga uwe mgumu. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa iliyokufaa leo haitakufaa wiki ijayo; waulize wavuvi. Jumapili nenda asubuhi, kabla familia hazijateremka na watoto na maboya yao.