Barua kwa mwanangu: umeniuliza habari za Priestley

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Umetembezwa Soho House, ile nyumba ya zamani ya Boulton hapo Birmingham, na wenzako wa chuo, mkaambiwa habari za Lunar Society, kile kikundi cha wanasayansi na wenye viwanda wa karne ya kumi na nane, na huyo Priestley mwanakemia aliyechomewa nyumba, sasa unaniuliza mimi, mwalimu wa fizikia mstaafu na mtoto wa mzee wa kanisa, eti dini na sayansi vinaweza kukaa nyumba moja? Mbona vilikaa! Priestley mwenyewe si alikuwa mchungaji, sijui kama aliyewatembeza aliwaambia. Wale wa kikundi, kina Boulton mwenye kiwanda, Watt wa injini za mvuke na Erasmus Darwin daktari, walikuwa wanakutana Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu, ili wakirudi makwao usiku waone njia, alafu Priestley alipohamia Birmingham mwisho wa 1780 kuchunga usharika wa New Meeting wakasogeza kikao kikawa Jumatatu, maana Jumapili mwenzao anahubiri. Ona hiyo, wanasayansi wanapanga ratiba kumsubiri mchungaji.

Kwa hiyo swali lako ningeligeuza kidogo, na najua utasema mama kaanza tena, lakini nimekwambia tangu uko darasa la tano, darubini haina adui, adui anao aliyeishika. Ile hewa tunayoiita oksijeni Priestley aliipata 1774 na hakuna aliyemtupia hata jiwe. Kilichowaudhi watu ni kuandika kwamba Utatu ni mafundisho yaliyoongezwa baadaye, na kudai walio nje ya Kanisa la Uingereza nao waruhusiwe kushika vyeo, maana sheria iliwazuia. Bungeni 1789 hoja hiyo ilianguka kwa kura 20 tu, mwaka uliofuata ikaanguka vibaya, 294 waliikataa na 105 tu waliikubali, kwa sababu katikati hapo Wafaransa walishapindua na kila mwenye cheo Uingereza anatetemeka. Na yeye naye mdomo! 1785 aliandika kwamba wanapanga baruti punje kwa punje chini ya jengo kuukuu la upotofu, wakambandika jina Baruti Priestley. Hapo huwa nabishana na nafsi yangu, mchungaji mzima unaandika baruti ulitegemea nini? Alafu najijibu, hata kama, aliandika tu, hajawasha kitu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 14 Julai 1791. Kuna watu walikula chakula hotelini kuadhimisha yale mapinduzi, yeye hata hakwenda, yuko nyumbani anacheza bao la backgammon na mkewe. Kundi likaja na kelele za Kanisa na Mfalme, likachoma New Meeting, likapanda hadi kwake Fair Hill. Wakamkosa, yeye na mkewe wameshakimbilia sehemu ya mwinuko, usiku umetulia, mbalamwezi inawaka, wanasikia kila pigo la mlango wao. Sasa sikiliza hii. Wale watu moto hawana, mtoto wake alikuwa ameshazima mioto yote ndani, mmoja akasikika anaahidi gini mbili, sarafu za dhahabu za wakati huo, kwa yeyote mwenye mshumaa unaowaka, na wengine wakahangaika kutoa cheche kwenye mashine kubwa ya umeme iliyokuwa maktaba! Yaani mashine ya mtu wanayemlaani ndiyo wanaiomba moto, na ikawanyima. Hapo hucheka kila nikisoma, kisha nakasirika, maana mwishowe moto waliupata, na vitabu, maandishi ya miaka na maabara vyote vikaenda. Mfalme George III akaandika kwamba afadhali aliyeumia ni Priestley. 1794 jamaa akahamia Marekani.

Najua klabu yangu ya nyota unaikumbuka kwa kusikia tu. Ijumaa usiku, uwanja wa shule, darubini ya msaada, mabinti wamejipanga na kanga mabegani, siku walipoona pete za Zohali walipiga yowe mpaka mlinzi akaja na rungu. Basi mtaani ikawa frimasoni, mwalimu anawaingiza watoto frimasoni. Na Jumapili moja kwenye matangazo, kati ya ndoa na mavuno, babu yako akasimama akasoma kwamba kuna walimu wanawatoa mabinti usiku kutazama mambo ya giza, wazazi wawe macho. Mi nimekaa benchi la tatu. Kabla ya Ijumaa klabu imefungwa na darubini iko stoo.

Babu yako huyo huyo aliyeuza yule ng'ombe mwekundu mnayesimuliwa kila Krismasi ili mi nikasome fizikia. Kwa hiyo usiniambie dini, dini gani, ng'ombe naye aliuzwa na dini? Darubini haina adui. Labda alimwogopa mchungaji, au aliniogopea mimi, binti wa watu kurudi nyumbani saa nne usiku. Mjomba wako anasema karatasi aliandikiwa, yeye alisoma tu. Labda. Ila aliyenifundisha nisiweke sahihi kabla sijasoma mpaka mstari wa mwisho ni yeye, sasa karatasi kama ile uipokee na kuisoma madhabahuni bila kuipitia?

Basi. Mlipendana sana na babu yako, nisije nikasema. Mjomba akiuliza nimeandika nini, mwambie mambo ya Waingereza tu.

Mama