Roboti, marobota na ushuru: maswali yenu

Barua za safari hii zinavutana juu ya jambo moja: nani anakula kazi za viwandani, mashine, bidhaa za nje au serikali za wenyewe huko nje? Tumechagua saba na kuzifupisha.

Fundi cherehani, Morogoro: Wahariri, habari za kazi. Kila siku nasikia Marekani imeitoza China, imetutoza na sisi. Hivi pesa ile anaitoa nani?

Nzuri, fundi. Anayeitoa ni mwagizaji, yaani kwa kawaida kampuni ya Marekani ambayo jina lake limeandikwa kwenye hati za forodha. Serikali ya nchi inayouza hailipi hata senti. Swali la maana zaidi ni huyo mwagizaji anamsukumia nani mzigo wake.

Chukua fulana ya pamba inayotoka Kenya kwa dola 4. Marekani hupiga ushuru kwenye bei ya bidhaa kabla ya nauli ya meli, tofauti na huku kwetu. Kiwango cha kawaida cha fulana ya pamba ni asilimia 16.5, sawa na senti 66. Mpango wa AGOA wa mwaka 2000, ambao Marekani huziruhusu nchi za Afrika kuingiza bidhaa bila ushuru wa kawaida, ulikifuta kiwango hicho kwa nchi zilizokubaliwa, lakini tangazo la Aprili 2025 likaongeza asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya, Tanzania na nyingine nyingi: senti 40. Mwenye AGOA akawa analipa 40. Asiye nayo, dola 1 na senti 6. Fulana ya poliesta ina hali mbaya zaidi, kwani kiwango chake cha kawaida ni asilimia 32. Ndiyo maana muda wa AGOA ulipokwisha 30 Septemba 2025, wenye viwanda vya nguo walihangaika kuliko wauza kahawa, ambayo haina ushuru wa kawaida kule.

Mwagizaji hupandisha bei dukani, hupunguza faida yake, au humpigia simu mwenye kiwanda na kumwambia ashushe. Njia ya tatu ndiyo inayotuumiza. Kitambaa, uzi na lebo kwa kawaida hula zaidi ya nusu ya ile dola 4, na bei zake hazijadiliki sana. Kinachobaki cha kubanwa ni mshahara na muda wa ziada.

Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma: Lakini si ushuru ukipanda viwanda vinarudi, na kazi zinarudi navyo?

Viwanda vinaweza kurudi. Kazi ni hesabu nyingine.

Mfano uliopimwa vizuri ni wa mashine za kufulia. Januari 2018 Marekani iliziwekea mashine kutoka nje ushuru ambao mwaka wa kwanza ulikuwa asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za mwanzo, na asilimia 50 kwa zitakazozidi. Samsung ilikuwa inafungua kiwanda Newberry, South Carolina, na LG kingine Clarksville, Tennessee; wote wawili walitangaza mipango hiyo mwaka 2017, maana moshi ulishaonekana. Wachumi Flaaen, Hortaçsu na Tintelnot walipopiga hesabu walikuta kazi mpya zipatazo 1,800. Bei ya mashine ilipanda karibu asilimia 12. Bei ya mashine za kukausha nguo nayo ilipanda, ingawa hazikuwekewa ushuru wowote, kwa sababu wateja huzinunua kwa jozi na wauzaji waliugawa mzigo pande zote mbili. Ukigawa gharama ya wanunuzi kwa kazi zilizopatikana, kila kazi iligharimu zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka.

Sababu haina uchawi. Mwekezaji anayejenga kwenye mshahara mkubwa, huku hajui kama ushuru utadumu miaka mitatu au kumi, hujaza jengo mitambo na kuajiri wachache. Tena ushuru ukipigwa kwenye malighafi, kama ule wa chuma wa asilimia 25 mwaka huohuo 2018, unawakinga wenye tanuru na kuwakaba watengeneza misumari, trela na vipuri, ambao ndio wengi.

Hatusemi ushuru haufai kamwe. Ukiwa na tarehe ya kuisha inayojulikana, ukaacha malighafi bila kuigusa, unaweza kumpa mwenye kiwanda kichanga muda wa kujifunza. Shida ni kwamba tarehe ya kuisha ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Msimamizi wa laini ya jeans, Athi River: Hamjambo. Tumeletewa ofa ya mashine inayoshona mifuko yenyewe. Muuzaji anasema itachukua nafasi ya watu watatu. Tununue?

Hatujambo. Usianze na bei, anza na laini yenyewe. Kaa na saa siku mbili, upime kila kituo kinatoa vipande vingapi kwa saa. Kama mifuko inatoka 70 na kufunga kiuno kunatoka 45, mashine mpya itakujengea mlima wa mifuko mbele ya kiuno, na jioni idadi ya suruali ni ileile.

Ikiwa mifuko ndiyo inayokwamisha, sasa piga hesabu. Tuchukue namba za mfano, nawe weka zako. Mashine dola 30,000. Watu watatu, kila mmoja anagharimu dola 200 kwa mwezi pamoja na makato yote: unaokoa 600. Toa 200 za umeme, vipuri na fundi. Zinabaki 400, na mashine inajilipa kwa miezi 75, yaani zaidi ya miaka sita. Ukifanya kazi zamu mbili, unaokoa 1,200, unatoa labda 300, inajilipa kwa miezi 33 au 34. Mashine ileile, jengo lilelile. Kinachobadilika ni saa inazofanya kazi.

Na hapo ndipo sera inapoingia. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mitambo mingi ya uzalishaji iko daraja la asilimia 0. Ingekuwa asilimia 25, mashine yako ingefika 37,500 na zamu moja ingeilipa kwa miezi 94 hivi. Serikali inayotaka ajira nyingi na mitambo isiyo na ushuru kwa pamoja inapaswa kujua kwamba kamba hiyo inavutwa pande mbili.

Mambo yanayoharibika: umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi, hivyo bei ya kidhibiti umeme iingie kwenye hesabu. Hewa ya kompresa yenye maji huozesha vali, kwa hiyo weka kikausha hewa na kila asubuhi mwaga maji ya tangi. Vumbi la pamba hufunika sensa. Kubwa kuliko yote ni oda ndogo: kila muundo wa mfuko unahitaji kiolezo chake, na oda ya suruali 800 ikifuatiwa na nyingine ya 600 yenye mfuko tofauti, nusu ya siku inaishia kwenye kubadilisha na kujaribu. Kabla ya kusaini, mwambie muuzaji akuonyeshe fundi aliye Nairobi, si namba ya simu ya ng'ambo.

Kama fedha ni chache, yako mambo yenye faida ya haraka kuliko hayo. Badilisha mota za klachi, zinazozunguka mchana kutwa hata fundi akiwa ameketi tu, uweke za servo zinazokula umeme wakati wa kushona. Ongeza vikata uzi. Katika kushona, sindano huwa chini robo tu ya muda. Robo tatu ni kushika kitambaa, kupanga, kugeuza na kukata uzi. Meza iliyokaa sawa inaokoa sekunde nyingi kuliko mota kali.

Kijana wa ufundi, Mbeya: Roboti zinaunganisha gari zima. Fulana zinashindwaje?

Bati la mlango likiwekwa mahali linakaa. Kitambaa kinalegea, kinajikunja, kinavutika upande mmoja kuliko mwingine, na vipande viwili hung'ang'aniana. Kukata na kutandaza kumeshaingia kompyuta siku nyingi. Kuunganisha mkono na bega bado ni vidole vya mtu. Korea Kusini, iliyoongoza dunia mwaka 2023 kwa roboti 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, imefika hapo kwa magari na vifaa vya umeme.

Adidas walijaribu kurudisha viatu Ulaya na Marekani kwa viwanda vya roboti, Ansbach nchini Ujerumani na Atlanta. Novemba 2019 wakatangaza kuvifunga, na teknolojia ikapelekwa kwa watengenezaji wao wa China na Vietnam. Asiyeliona hilo huwatisha mafundi bure. (Na kwa wapenda lugha: robota kwetu ni mzigo wa nguo uliofungwa, kwa Wacheki ni kazi ya shokoa, na ndiko roboti ilikotoka.)

Muuza mitumba, Dar es Salaam: Nasikia tuliwahi kuzuia mitumba, Marekani ikatutisha tukanywea. Kweli?

Kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hadi kuimaliza, na ushuru ukapandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo, au asilimia 35 ya thamani, kikubwa ndicho kinachotozwa. Kwa robota la kilo 45, hiyo ni kutoka dola 9 hadi 18. Rwanda ilikwenda mbali: dola 2.50 kwa kilo, yaani dola 112.50 kwa robota hilohilo, na dola 5 kwa kilo ya viatu.

Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko serikalini kwao kikidai tumevunja masharti ya AGOA. Kenya ililegeza mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa AGOA.

Kwa nini wengine walinywea? Angalia nani alikuwa na cha kupoteza. Kenya ina maelfu ya mafundi kwenye viwanda vya nguo za kuuza Marekani. Rwanda ilikuwa inapeleka nguo kidogo sana, hivyo fimbo ilimchapa mtu aliyevaa koti. AGOA ni zawadi ya bunge la nchi moja, si mkataba wa pande mbili; mwenye zawadi anaweza kuichukua.

Mwagizaji wa vitambaa, Kariakoo: Ushuru ukipanda kutoka 25 kwenda 35, gharama yangu inaongezeka asilimia 10 tu?

Hapana, ukilinganisha na bei ya mzigo inaongezeka zaidi. Mzigo wa dola 10,000, bei pamoja na nauli na bima. Kwa asilimia 25: ushuru 2,500, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya 12,500, ambayo ni 2,250. Jumla 4,750. Kwa asilimia 35: ushuru 3,500, VAT juu ya 13,500 ni 2,430. Jumla 5,930. Tofauti ni 1,180, kwa sababu VAT inapigwa juu ya ushuru. Tozo ndogondogo hatujaziweka.

Daraja la 35 lilianza 1 Julai 2022, ila kila nchi huomba kutolitumia, au kutumia kiwango chake, kwa mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo kabla ya kulipia mzigo wa Juni, mwambie wakala wako akupe namba ya forodha ya bidhaa, kisha asome gazeti la serikali la Jumuiya linalotoka mwisho wa Juni. Kontena likifika tarehe 3 Julai, kiwango cha zamani hakikusaidii.

Mfanyabiashara wa mahindi, Namanga: Tuko soko moja. Jirani anawezaje kutufungia mpaka?

Kwa mlango wa afya ya chakula, ambao mikataba ya biashara huuacha wazi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili na cha kipimo. Aprili 2025 Tanzania nayo ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kujibu mazuio yao, ikalegeza ndani ya siku chache.

Kikomo cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sumukuvu haisambai sawa. Inajificha kwenye mafungu. Ukichota gunia moja la juu, kipimo chako kitasema safi na cha mpakani kitasema chafu. Chota kwa bambo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya, kisha ndipo upeleke maabara. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa hapohapo mpakani, lakini hicho kinahusu ushuru tu. Cha kipimo bado utaulizwa.