Harusi ya Kitamil: dada, usithubutu kufika saa nne

Dada umeuliza nguo, zawadi na muda, harusi iko Madurai, kusini mwa India, kadi imeandika muhurtham (muda wa heri wa kufunga ndoa) 6.00 mpaka 7.30 asubuhi, yaani saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu yetu, na jamaa hapo juu kakwambia utokee saa nne eti Wahindi hawaendi na saa. USIMSIKILIZE. Nimesoma hilo jibu mikono inanitetemeka, maana ndo nilichoambiwa mimi 2017 nikiwa nasoma Pune, hukohuko India.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa anaolewa Chennai. Nimekaa kwenye treni karibu siku nzima, nimeshonesha blauzi ya sari, nimefika lodge usiku. Kaka mmoja Mtanzania mwenzetu, wa mwaka wa mwisho, kaniambia lala tu mdogo wangu, mimi harusi niliyoenda bwana harusi kaja na farasi saa tano usiku. Kumbe yake ilikuwa ya Wapunjabi, Delhi! Ni sawa na mtu kaenda harusi moja Moshi halafu anakufundisha ya Pemba. Kutojua si kosa, ila kaongea kwa uhakika mpaka nikaona kadi ndo imekosea. Bado namkasirikia.

Nimeingia ukumbini saa nne kasoro, viti vinakunjwa. Kwenye zulia mchele wa binzari umetapakaa, ule kila mgeni anapewa kiganjani awarushie maharusi pale mume anapofunga thali, uzi wa manjano, shingoni kwa mke. Mafundo matatu, basi, ndo harusi yenyewe hiyo! Wakati huo ngoma na nadaswaram, zumari lao refu, vinapigwa kwa nguvu zote ili hata chafya ya mkosi isisikike. Saa ya kufunga thali inapangwa kwa panchangam, kalenda ya wanajimu, wanakwepa rahu kalam, saa moja na nusu ya nuksi ambayo kila siku ina wakati wake, Jumatatu kwa mfano inaanza saa moja na nusu asubuhi. Sasa hapo watakusubirije wewe? Na risepsheni niliyodhani inafuata ilishafanyika jana yake jioni, kwao ni kawaida.

Rafiki yangu ameshabadilisha nguo, kaniona, wala hakunigombeza. Kanishika mkono kanipeleka kwenye kiti cha mstari wa pili, karatasi yenye jina langu bado imebandikwa. Mama yake alimkatalia kila aliyetaka kukikalia mpaka shughuli inaisha. Nimelia chooni mpaka wanja wote umeshuka.

Kwahiyo muda muulize mtu wa nyumba ile ile yenye harusi, mama au dada wa bibi harusi, mwambie nataka niwe nimeshakaa kitini kabla thali haijafungwa, nije saa ngapi. Usimuulize Mgujarati wa ofisini kwenu, usiulize wadau humu, na ya Kipunjabi hata mimi usiniulize.

Nguo nyeusi acha. Ukipewa asumini za kichwani vaa. Chakula kinaliwa kwenye jani la mgomba, mkono wa kulia, ukimaliza likunje kuja upande wako.

Ufike Madurai siku moja kabla, mapema, uwahi na hiyo risepsheni kama ipo, chukua lodge ya karibu na ukumbi, alamu ya saa kumi alfajiri. Na huyo mama mpigie leo.